Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii: Mgeni wa Mafia na Kuta za Kua

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUTENGA SEHEMU YA ADA YA WAGENI KWA AJILI YA MAGOFU YA KUA NA CHOLE, WILAYANI MAFIA

Mheshimiwa Waziri,

Tunajua meza yako haikosi mafaili, na kila faili lina mwenyewe anayesubiri. Kwa hiyo natanguliza radhi kwa muda nitakaokuchukulia, na natanguliza radhi tena kwa kuiandika barua hii hadharani badala ya kuipitisha masjala kama ilivyo ada ya mtumishi wa umma. Nimefanya hivyo kwa sababu jambo lenyewe ni la wengi: la wakazi wa visiwa vya Juani na Chole, la wanafunzi ninaowafundisha historia hapa Kilindoni, na la kila Mtanzania ambaye siku moja atashuka kwenye kivuko akiwa na begi lake na kuuliza, "Jamani, hapa pana nini cha kuona?" Kwa ruhusa yako, ningependa jibu la swali hilo liwe refu kuliko lilivyo sasa.

Kabla sijaomba, niruhusu nishukuru. Uwanja wa ndege wa Kilindoni tuliuzoea ukiwa wa changarawe, na leo ndege zinatua kwenye lami. Barabara ya kutoka Kilindoni hadi Utende, takriban kilometa 15, ilikuwa ya mashimo na mchanga, na leo bodaboda inaimaliza upesi kuliko mtu anavyoweza kumaliza hadithi. Kivuko cha kati ya Nyamisati na Kilindoni kimewaondolea kina mama hofu ya kuvuka na watoto kwenye mashua iliyojaa magunia, kuku na watu hadi ukingoni. Haya yote tumeyaona, na wazee wetu wanayasema vibarazani bila kuombwa. Tangu filamu ya Royal Tour ilipotoka mwaka 2022, jina la Tanzania limezidi kutajwa na watu wa mbali, na sisi wa visiwani tunafahamu kwamba jina likitajwa, mgeni hufuata.

Na mgeni anakuja, Mheshimiwa. Anakuja hasa kati ya Oktoba na Machi, msimu wa papa potwe mbele ya Kilindoni. Samaki huyo, mkubwa kuliko samaki wote duniani, ana madoa meupe mgongoni, hula viumbe vidogo vya baharini na hana habari na mtu. Anapopita chini ya mtumbwi, hata mvuvi aliyemzoea hunyamaza kwanza. Wengine huja kwa ajili ya Ghuba ya Chole na miamba yake ya matumbawe. Mwaka 1995, chini ya Sheria Na. 29 ya mwaka 1994, Mafia ilipata hifadhi ya bahari ya kwanza nchini, yenye kilometa za mraba 822. Tulioishi hapa tunajua hali ilivyokuwa enzi za uvuvi wa baruti, na tunajua tumeepushwa na nini. Sheria ile ilikuwa na jambo moja la busara ambalo naomba nilitaje kwa heshima yake: ilikubali kwamba ndani ya hifadhi mna vijiji, na kwamba wenye vijiji washirikishwe. Mtu wa Juani hakuambiwa ahame ili samaki wapate nafasi. Anaishi ndani ya hifadhi, anavua kwa masharti, anazika wafu wake humo, anaoza binti zake humo.

Basi safari ya mgeni wa kawaida, Mheshimiwa, ni hii. Anashuka uwanjani, anapakiwa kwenye gari, anafika Utende, anapita getini na kulipa ada yake ya hifadhi, anafikia hoteli iliyoko ufukweni. Asubuhi anapelekwa kwenye papa potwe. Kesho yake anazama kwenye matumbawe. Siku ya tatu analala kwenye mchanga. Siku ya nne anaondoka akiwa amefurahi, na sisi tunafurahi naye. Wapo wanaovuka kwenda Chole jioni kuwatazama popo, na wachache wanaouliza habari za Kua. Lakini wengi huondoka Mafia wakiwa wameijua chini ya maji tu.

Ninachokiomba, kwa unyenyekevu wote nilio nao, kinahusu hiyo Mafia ya juu ya maji.

Kua iko kisiwani Juani, upande wa pili wa ghuba. Mashua huondoka Utende wakati maji yanajaa, huipita Chole, kisha huingia kwenye mikoko. Maji yakiwa yamekupwa hufiki, kwa hiyo nahodha ndiye anayepanga saa na mgeni anamfuata. Ukishuka unapanda mteremko mdogo kati ya vichaka, na kabla hujategemea, mbele yako panasimama ukuta. Ni jumba la watawala wa zamani wa mji huo. Sehemu za kuta zake zimesimama hadi orofa ya juu, na ukiinua macho utaona matundu yaliyopangwa kwa mstari mahali zilipokaa boriti za mikoko zilizobeba sakafu. Boriti zenyewe zilioza zamani. Mbele zaidi kuna misikiti, nyumba za wakubwa, makaburi. Ndani ya vyumba ambamo watu walikaa na kuzungumza, miti imekua na kufunika mahali palipokuwa na dari.

Huu ulikuwa mji, Mheshimiwa, mji wa mawe na chokaa uliostawi hasa katika karne ya 17 na ya 18, ukiwa na biashara yake, na mafundi wake, na ugomvi wake pia. Wazee husimulia uhasama wake na mji wa Kisimani, ulioko upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa. Husemwa kwamba watu wa mji mmoja walipokuwa wakishusha jahazi jipya majini waliwaalika watu wa mji wa pili, wakawalaza watoto wao chini na kulipitisha jahazi juu yao. Waliotendewa hivyo wakanyamaza miaka mingi, kisha wakawaalika wenzao kwenye harusi, katika chumba kilichochimbwa chini ya ardhi, na sherehe ilipopamba moto wenyeji wakatoka mmoja mmoja na kuwafungia wageni humo kwa mawe. Ni simulizi, na wanahistoria wanaichukua kama simulizi, lakini wanafunzi wangu huikumbuka kuliko tarehe yoyote ninayoandika ubaoni. Kilicho wazi zaidi ni mwisho wa Kua wenyewe: mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Madagaska waliuvamia, wakaua, wakachukua mateka, na mji haukusimama tena. Kisimani nao umeliwa na bahari kwa sehemu kubwa. Kati ya miji hiyo miwili iliyochukiana, Kua pekee ndio uliobaki na kuta za kumwonyesha mtoto.

Habari za Juani ni za zamani zaidi ya hapo. Katika pango la Ukunju, kisiwani humo humo, Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba na kupata ushahidi wa watu walioishi pale muda mrefu kabla haujajengwa mji wowote wa mawe katika pwani hii. Nawaambia wanafunzi kwamba kisiwa wanachokiona kidogo kwenye ramani kina historia ndefu kuliko miji mingi mikubwa wanayoiota.

Naomba nikusogeze karibu na ukuta mmoja tu, Mheshimiwa, kwa sababu ukuta huo ndio ulionifanya niandike. Katika ufa wake uliingia zamani mzizi wa mkuyu, mwembamba kama uzi. Leo ni mnene kuliko paja la mtu mzima. Umepenya kati ya mawe, ukatoka upande wa pili, ukateremka hadi ardhini. Mawe yaliyo juu yake yamesogea kiasi kwamba unaweza kuona mwanga kati yao. Fundi mmoja mzee tuliyekwenda naye aliutazama kwa muda, akaupapasa, kisha akatueleza hivi: ukiukata mzizi huu leo, ukuta utaanguka, kwa maana sasa mzizi ndio unaoushika; ukiuacha, ukuta utaanguka vilevile, kwa maana mzizi bado unanenepa. Dawa yake, alisema, ni mtu mwenye subira. Apunguze matawi kwanza, aue mzizi kidogo kidogo, na kila penye nafasi ajaze jiwe na chokaa, msimu hadi msimu, mpaka ukuta ujishike wenyewe. Kazi hiyo haimalizwi na mtu anayekuja mara moja na kuondoka. Inahitaji mtu aliyepo.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili akauliza, "Mwalimu, huu ukuta ni wa nani?"

Nilimjibu kwamba ni wetu sote, na jibu hilo ni sahihi. Lakini lina upande wa pili ambao sikuweza kumweleza mtoto, na naona wewe, Mheshimiwa, ndiye unayefaa kuelezwa. Ukuta wa Kua ni wa mambo ya kale, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inauweka chini ya wizara yako. Bahari inayouzunguka, mikoko anayoipita mgeni kuufikia, na kijiji kilicho jirani nao, vyote vimo ndani ya hifadhi ya bahari, ambayo iko chini ya wizara nyingine, ile ya Mifugo na Uvuvi. Papo hapo ni mahali pamoja. Mashua ni moja, nahodha ni mmoja, mgeni ni mmoja. Lakini ada anayoilipa getini inaingia kwa jina la bahari, na ukuta hauna jina humo. Silaumu wizara yoyote, na naomba neno hili lisisomwe kama lawama. Kila sheria ilitungwa kwa nia njema na kwa wakati wake. Miaka 30 ilipita kati ya sheria moja na nyingine, na waliozitunga hawakukaa meza moja kuulizana nani atamlipa fundi wa Kua.

Ombi langu basi, nikilieleza kwa kifupi kadiri nionavyo linawezekana, ni hili. Naomba, kwa hisani yako, ukae na Mheshimiwa mwenzako wa Mifugo na Uvuvi, na kwa pamoja mtenge sehemu ya ada anayolipa kila mgeni anayeingia Ghuba ya Chole, sehemu ndogo tu mtakayoiona inafaa, iwe ya kutunza majengo ya kale ya Juani na Chole. Fedha hiyo iwe na mfuko wake. Serikali za vijiji vya Juani na Chole ziwe na wajumbe ndani ya mfuko huo, wajumbe wenye kauli, wala wasiwe watu wa kusaini mahudhurio tu. Matumizi yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, kila mtu asome. Na kazi ya kwanza ya fedha hiyo iwe mishahara ya mafundi wanaokaa papo hapo.

Naomba univumilie nikieleza habari ya mafundi na chokaa, maana ndiko nia njema inakoweza kuharibika.

Kuta hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kushikwa kwa chokaa. Mafundi wa zamani walipanga magogo kwa duara, wakayapandisha kimo cha mtu na zaidi, wakayajaza matumbawe juu, wakawasha moto na kuuacha uwake hadi mawe yageuke chokaa. Kisha waliizima kwa maji na kuiacha ikae kabla ya kuitumia. Chokaa iliyotengenezwa hivyo ni laini. Inapumua, inaruhusu unyevu utoke, inasogea kidogo pamoja na jiwe. Anayekuja leo na mifuko ya saruji akidhani anaimarisha ukuta wa Kua anauumiza. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la tumbawe. Inafungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya masika kadhaa jiwe linabanduka na kumomonyoka wakati saruji imebaki palepale kama ilivyopakwa. Ndiyo maana namwomba Mungu, na nakuomba na wewe, kwamba fedha isitangulie kufika kabla ya ujuzi.

Lakini chokaa nayo ina tatizo lake, na nisingekuwa mkweli kwako kama ningelificha. Uchomaji chokaa kwa matumbawe yaliyong'olewa baharini ni moja ya mambo yaliyoumiza miamba ya Mafia, na hifadhi ina haki kuuzuia. Magogo ya kuchomea yalikuwa mara nyingi ya mikoko, nayo tunaihitaji isimame pale ilipo, maana ndiyo inayozuia ufukwe usiliwe na ndimo samaki wachanga wanamokulia. Kwa hiyo mtu anaweza kufikiri kwamba kuta na bahari haziwezi kutunzwa pamoja, kwamba ukisimamisha kimoja unabomoa kingine. Kwa heshima, nathubutu kusema sivyo. Visiwa vyetu vyenyewe vimekaa juu ya matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe la nchi kavu, na mawe mengi ya majengo yaliyokwisha kuanguka yamelala chini yakisubiri kurudishwa mahali pake. Kuni tunazo: Mafia ni kisiwa cha minazi, na mashamba mengi yana minazi mizee isiyozaa tena, ambayo mwenye shamba angefurahi kuiuza gogo kwa gogo. Ikionekana hata hivyo kwamba tanuri la kijijini lina hatari, chokaa ya mawe ya nchi kavu inaweza kuletwa kutoka Tanga kwa jahazi. Wataalamu wako watajua lipi ni bora. Ninachoomba ni kwamba mtaalamu wa mambo ya kale na mtaalamu wa bahari waletwe siku moja, wakae na fundi wa Chole, na watoe kibali kimoja badala ya vibali viwili visivyosikizana.

Mfano hauko mbali. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na kila mwenye kupenda historia ya pwani alisikia uchungu. Kisha ilifanyika kazi: kuta zikashikizwa, ufukwe ukakingwa, wananchi wakashirikishwa, na mwaka 2014 Kilwa ikatolewa katika orodha hiyo ya hatari. Ni nchi hii hii, ni bahari hii hii, ni chokaa ile ile. Mafundi waliopata ujuzi Kilwa wangeweza kuja Mafia kuwafundisha vijana wetu, na safari yao ni fupi. Sisi wa Mafia hatujaomba Kua iwe Kilwa. Tunaomba tu isingoje kufika hatarini ndipo itazamwe.

Na mfano mwingine uko Juani kwenyewe, upande wa mashariki unaotazama bahari kuu. Huko ndiko kasa wanakopanda kutaga mayai. Zamani mayai yalichimbwa na kuliwa, na kasa akionekana alichinjwa. Leo wapo wanakijiji wanaopita ufukweni, wanaoweka alama kwenye viota na kuhesabu siku, na vifaranga vinapokaribia kutoka, wageni huletwa kushuhudia vikijikokota kuelekea majini. Sehemu ya ada ya wageni hao huingia kijijini. Mimi sijui somo bora zaidi la uhifadhi kuliko hilo. Mtu aliyewahi kula mayai ya kasa sasa anayalinda, na wala hakuhitaji kuhubiriwa, kwa sababu anaona faida yake na anaiona kwa macho. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye kasa tumeuona uponyaji huo. Kuta za Kua hazijaonja bado.

Nisije nikaisahau Chole kwa kuipenda mno Kua. Wajerumani waliipata Mafia kwa makubaliano ya mwaka 1890, wakaweka makao yao Chole, kisiwa kidogo kisicho na gari hata leo. Mwaka 1913 wakahamia Kilindoni, ambako ndiko makao ya wilaya yalipo hadi sasa. Hawakukaa sana: Januari 1915 Waingereza waliitwaa Mafia, wakarusha kutoka hapa ndege za kuitafuta manowari ya Königsberg iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, na Julai mwaka huo ikaangamizwa. Majengo ya enzi hiyo na ya kabla yake bado yako Chole, karibu na gati: boma, gereza, na mengine, mizizi ikiwa imepanda juu yake. Kutoka hapo mtu anatembea kwa njia za mchanga chini ya miembe, anapita kwa akina mama wanaosuka mikeka ya ukindu, anafika kwa mafundi wanaojenga mashua kwa shoka na tezo bila karatasi ya ramani, na jioni anawaona popo wakubwa walao matunda wakiamka kutoka mitini na kutawanyika angani. Popo wa aina hiyo, ukiacha Mafia, wako Komoro. Mgeni akipewa siku moja Chole pamoja na mwongozaji aliyezaliwa hapo, atarudi kwao akiwa na habari za watu pamoja na habari za samaki.

Waongozaji hao pia nawaombea. Wapo vijana wenye akili waliomaliza kidato cha nne, wanaojua Kiingereza cha kutosha na bahari kuliko kitabu. Wakifundishwa historia ya kisiwa chao vizuri, wakapewa vitambulisho na ujira unaoeleweka, watakuwa walinzi wa kuta kuliko uzio wowote. Na ikikupendeza, Mheshimiwa, vibao vya maelezo viandikwe Kiswahili kwanza, ndipo lugha nyingine zifuate. Wanafunzi wa Kibiti na Rufiji nao ni wageni. Mzee wa Bweni aliyetoka kaskazini ya kisiwa, kule kwenye mnara wa taa wa Ras Mkumbi, na ambaye hajawahi kufika Juani maisha yake yote, naye ni mgeni.

Najua utaulizwa, na ni haki uulizwe: kwa nini Kua? Pwani yetu ina Kaole, ina Kunduchi, ina Tongoni, na kila gofu lina mwalimu wake anayeandika barua. Ningejibu hivi kwa heshima. Mahali pengine kazi ngumu ni kumleta mgeni. Mafia mgeni ameshafika. Ameshalipa nauli, ameshalipa ada, ameshapanda mashua, na mashua yenyewe inapita mbele ya Juani. Huhitaji kujenga barabara mpya wala kutangaza upya. Unahitaji kuamua kwamba katika kile alichokwisha kulipa, kiasi fulani ni cha ukuta. Sijaona mahali pengine katika nchi hii ambapo uamuzi wa karatasi moja unaweza kuokoa kitu kikubwa kwa gharama ndogo namna hiyo.

Haraka yenyewe, Mheshimiwa, siyo yangu. Ni ya masika. Kila msimu wa mvua unapopita, tunakuta mawe zaidi chini kuliko yaliyokuwa, na jiwe likishaanguka bila kupigwa picha wala kupimwa, fundi wa kesho hajui lilikaa wapi. Hata kabla ya fedha kupatikana, kama ofisi yako ingemtuma mtu mwenye kamera na kipimo akaandika hali ya kila ukuta ilivyo leo, tungeshukuru sana. Shule yangu ingetoa wanafunzi wa kumshikia kamba.

Mwisho, kwa adabu zote, nakualika. Tafadhali njoo Mafia. Ukipenda kuja kwa ndege, karibu. Ukipenda kuvuka kutoka Nyamisati pamoja na wananchi, utapendwa zaidi. Ombi moja dogo kuhusu ratiba: Kua hufikika maji yakiwa yamejaa, kwa hiyo wasaidizi wako wasipange saa ya Juani kabla ya kumuuliza nahodha, na wachague siku za bamvua asubuhi au jioni kadiri maji yatakavyokuwa. Nitakuwepo gatini, pamoja na wenyeviti wa vijiji wakiridhia, na mafundi wawili watatu ambao ningependa uwasikilize kuliko unavyonisikiliza mimi.

Na kama kwa sababu za kiserikali ambazo mwalimu hawezi kuzijua ombi hili halitawezekana, naomba unijibu hata hivyo, na unieleze sababu zake. Nitawasomea wanafunzi darasani kama utakavyokuwa umeandika.

Kwa heshima kubwa, naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,

Mwalimu wa Historia,
Kilindoni, Mafia.